Kila Mgongo na Misheni Yake: Nyayo za Waanzilishi kutoka Wang'uru hadi Tuthu

Desturi ya familia kufunga safari kwenda kuona mahali imani yao ilipoanzia ni kongwe katika dini nyingi, ila sura yake hutegemea historia ya nchi yenyewe. Nchini Marekani, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni, huwapakia watoto garini wakati wa likizo wakafuata njia waliyoipita wazee wao, ambao walilazimika kuuhama mji wa Nauvoo, katika jimbo la Illinois, kuanzia Februari 1846, wakavuka mbuga kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi bonde la Salt Lake, ambako kiongozi wao Brigham Young aliwasili tarehe 24 Julai 1847. Kanisa hilo lilisajiliwa nchini Kenya mwaka 1991, lakini njia ya waanzilishi wake iko ng'ambo ya bahari. Kwa familia inayoishi Wang'uru, katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, njia ya waanzilishi iliyo karibu ni nyingine kabisa, nayo ni ile inayounganisha vituo vya misheni vilivyofunguliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwenye miteremko ya Mlima Kenya na ya safu ya Nyandarua, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kirinyaga, Nyeri na Murang'a.

Njia hizo mbili hazilingani, na tofauti yao inafaa kuwekwa wazi mapema. Wamormoni walihama kwa maelfu, wakaenda kujijengea makao mapya katika bonde ambalo Wayute na Washoshoni walikuwa wakilitumia tangu zamani, kwa hiyo neno mwanzilishi kwao lina maana ya mhamiaji aliyelima na kujenga kwa mikono yake. Kuuzunguka Mlima Kenya hakukuwa na uhamaji wa namna hiyo. Wamisionari walikuja wanne wanne au watatu watatu, wakaingia katika nchi iliyojaa watu, mashamba, masoko na mahakama za wazee, wala hawakuweza kulala usiku mmoja bila mwenyeji wa kuwapa mahali pa kupiga hema na mkalimani wa kuwaeleza kilichokuwa kikisemwa. Kwa hiyo anayetaka kuielewa historia ya vituo hivi hana budi kuwatafuta wenyeji hao pia, ingawa majina yao hayaonekani mara nyingi kwenye mawe ya ukumbusho.

Umbo la nchi lilichangia sana. Mito inayotoka mlimani na Nyandarua imeyachimba mabonde marefu, na katikati ya bonde na bonde umebaki mgongo mwembamba wa ardhi, ambao kwa Wakikuyu ulikuwa ndio makao ya ukoo, njia ya miguu na mpaka wa mamlaka. Ardhi ya mgongo iligawanywa katika ithaka, yaani maeneo yaliyomilikiwa na mbari, ambazo ni koo ndogo za watu wa babu mmoja, na mtu asiye wa mbari aliweza kupewa sehemu ya kulima akaitwa muhoi, mpangaji wa hisani ambaye angeweza kutumia ardhi bila kuimiliki. Wazee walipowaruhusu wamisionari kujenga, wengi waliwahesabu kama wageni wa namna hiyo, huku wageni wenyewe wakiandikisha viwanja vyao katika daftari za serikali ya kikoloni. Kutoelewana huko hakukuonekana mwanzoni, kulikuja kuonekana miaka 20 au zaidi baadaye, na baadhi ya mashauri ya ardhi ya misheni katika nchi ya Wakikuyu yana mzizi wake hapo.

Ikumbukwe pia kwamba misheni zilifuata nyuma ya bunduki. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ngome ya Mbiri, ambayo baadaye iliitwa Fort Hall na leo ni mji wa Murang'a, ikajengwa mwaka 1900, na kati ya 1902 na 1906 majeshi ya serikali yaliwapiga watu wa Nyeri, wa Mathira na wa Embu, yakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Mchungaji au padre aliyefika mwaka mmoja au miwili baada ya vita hivyo alikuta watu waliokwisha kuujua uzito wa mzungu, na machifu ambao walikuwa wamepima kwamba ni heri kuwa na mzungu wa shule na dawa karibu nao kuliko kuwa na yule wa jeshi peke yake.

Ukitoka Wang'uru kupitia Kimbimbi hadi Kutus, kisha ukashika barabara inayopanda kuelekea Kianyaga, tambarare ya mpunga huachwa nyuma, udongo mweusi unaonata hugeuka kuwa mwekundu, na kahawa huanza kuonekana pande zote mbili. Huko ndiko Kabare, kituo kilichofunguliwa mwaka 1910 na Church Missionary Society, shirika la umisionari la Waanglikana wa Uingereza ambalo huandikwa kwa kifupi CMS. Shirika hilo lilikuwa kongwe Afrika Mashariki, kwani mtumishi wake Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanzisha Rabai, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, alikiona kilele cha Mlima Kenya kwa mbali, habari ambayo wataalamu wengine wa Ulaya waliikejeli kwa kuwa hawakuamini kwamba theluji ingeweza kukaa kwenye ikweta. Zilipita zaidi ya nusu karne kabla ya CMS kuufikia mlima wenyewe. Iliingia Kabete mwaka 1900, ikafika Weithaga na Kahuhia katika Murang'a, kisha ikavuka mto Sagana hadi Kabare na Kigari mwaka 1910 na Mutira mwaka 1912. Upande huu wa Gichugu mtawala aliyetambuliwa na serikali alikuwa Gutu wa Kibetu, na bila ridhaa ya mtu kama huyo hakuna nyumba ya nyasi ambayo ingesimama, seuze kanisa.

Leo Kabare ni mji mdogo wa shule, chuo na kanisa, na mgeni asiyejua historia anaweza kuupita akidhani ni kituo kingine tu cha kahawa. Hata hivyo umuhimu wa upande huu wa Kirinyaga katika siasa za Kenya si mdogo. Askofu David Gitari, aliyezaliwa Ngiriambu, Kirinyaga, mwaka 1937, alikuwa mtoto wa Samuel Mukuba, mwinjilisti aliyetoka Ukambani akaja kuhubiri upande huu wa mlima. Gitari alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mount Kenya East mwaka 1975, akawa wa Kirinyaga dayosisi hiyo ilipogawanywa mwaka 1990, kisha akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya kuanzia 1997 hadi 2002. Mahubiri yake dhidi ya uchaguzi wa kupanga foleni na dhidi ya unyang'anyi wa ardhi yaliwaudhi wakubwa wa serikali ya chama kimoja, na usiku mmoja wa Aprili 1989 nyumba yake ya Kerugoya ilivamiwa na genge la watu, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga yowe hadi majirani wakaja. Baba yake Mukuba ni mfano halisi wa waanzilishi wanaosahaulika, yaani Waafrika waliotoka kwao wakaenda kuhubiri kwa watu wa lugha nyingine, mara nyingi kwa mshahara mdogo na bila nyumba ya mawe.

Kutoka Kabare barabara hurudi Kerugoya, ikapita karibu na Mutira, ikateremka na kupanda hadi Karatina, na hapo, bila tangazo lolote, msafiri huwa amevuka mpaka wa kanisa. Mashirika ya Kiprotestanti yalikubaliana kugawana nchi ili yasigombanie wanafunzi, kila moja likapewa eneo lake, na ndiyo sababu mpaka leo Mwanglikana wa Kirinyaga akivuka kuingia Mathira hujikuta katikati ya Wapresbiteri ambao babu zao walikuwa majirani wa babu zake. Wakatoliki hawakuwa washirika wa mapatano hayo. Wao walijenga popote walipopata ruhusa, hata kwenye mgongo unaotazamana na kanisa la Kiprotestanti, na mashindano hayo, yaliyowachosha maofisa wa wilaya kwa barua za malalamiko, yaliwafaidi wenyeji kwa namna moja kubwa: chifu aliyekosa shule kwa Wapresbiteri wa Scotland aliweza kuiomba kwa mapadre wa Kiitaliano.

Tumutumu, kilima kilicho karibu na Karatina, ndicho kituo ambacho Wapresbiteri wa Nyeri hukiita mama. Wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Scotland, yaani Wasukoti, hawakuanzia hapo. Walianza Kibwezi mwaka 1891, chini ya Dkt. James Stewart aliyeletwa kutoka Lovedale, Afrika Kusini, kwa fedha za wafanyabiashara wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki, malaria ikawamaliza, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia kazi hiyo Thogoto, karibu na Nairobi. Kanisa la Scotland liliichukua rasmi mwaka 1901, na ilipofika 1908 na 1909 likaenea hadi Tumutumu. Waliokuja kufanya kazi hapo ni watu wenye sifa mbalimbali, wakiwemo daktari H. R. A. Philp aliyejenga msingi wa hospitali, mwalimu Marion Stevenson aliyeshughulikia shule na wasichana, na Arthur Ruffell Barlow, ambaye aliijua lugha ya Kikuyu kuliko karibu wazungu wote wa wakati wake, akawa mtu muhimu katika kamati iliyotafsiri Agano Jipya lililotolewa mwaka 1926. Biblia nzima kwa Kikuyu ilitoka mwaka 1951. Kazi hiyo haikuwa ya Barlow na wenzake peke yao, kwa sababu kila mstari ulipimwa kwa masikio ya vijana wa Kikuyu waliokaa mezani pamoja nao.

Wanafunzi wa mwanzo wa misheni waliitwa athomi, yaani wasomaji, na jamaa zao hawakuwaonea fahari. Msomaji alivaa nguo ya kitambaa, alikataa baadhi ya sadaka na ngoma, alilala katika bweni la misheni, na mara nyingine alifukuzwa nyumbani akaitwa mpotevu. Lakini kizazi kimoja baadaye kusoma kulikuwa njia ya kupata kazi, hati na sauti, na ndipo Tumutumu ilipoanza kuzaa watu ambao waanzilishi wake hawakuwatarajia. Gakaara wa Wanjau, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri aliyezaliwa mwaka 1921, alisoma hapo, akawa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu huko Karatina, akafungwa kizuizini na serikali ya kikoloni, na shajara yake ya kizuizini ikapata Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Dedan Kimathi naye alipita katika shule ya Tumutumu kabla ya kuwa kiongozi wa wapiganaji wa msituni, kukamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Familia inayowaonyesha watoto madarasa ya zamani ya Tumutumu inapaswa kuwaeleza mambo hayo mawili kwa pumzi moja, maana shule ile ile ilimtoa mwandishi na ikamtoa mpiganaji.

Mgogoro mkubwa zaidi katika historia ya vituo hivi ulizuka mwaka 1929. Misheni za Kiprotestanti, zikiongozwa na Dkt. John Arthur wa Thogoto, ziliamua kwamba muumini anayeendelea kuwatahirisha binti zake hatabaki kanisani wala katika kazi ya ualimu, na waumini wakatakiwa kutoa ahadi kwa kutia kidole gumba kwenye karatasi, tendo ambalo watu waliliita kirore. Chama cha Kikuyu Central Association kiliona hapo jaribio la kuwapokonya Wakikuyu mila na, pengine, ardhi yao kwa hati moja, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuziogopa alama za vidole kwenye karatasi za serikali. Wimbo wa Muthirigu uliimbwa kuwakejeli wamisionari na machifu hadi ukapigwa marufuku mwaka 1930. Ni kweli kwamba wamisionari walikuwa na hoja nzito ya kiafya, iliyotokana na yale madaktari wao waliyoyaona katika wodi za uzazi, na sheria ya Kenya ya leo iko upande wa hoja hiyo. Ila namna walivyoisukuma, kwa kulazimisha ahadi na kuwafukuza walimu, iliwafanya wapoteze maelfu ya watu katika muda wa miezi michache. Waliotoka walijijengea shule zao wenyewe, chini ya vyama viwili, Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a, wakamwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, ambaye kati ya 1935 na 1937 alifundisha na kuwaweka wakfu mapadre wao wa kwanza. Kutoka katika mkondo huo yalitokea Kanisa la African Independent Pentecostal Church of Africa na Kanisa la Kiothodoksi la Kenya, na makanisa hayo, ambayo yalijengwa kwa michango ya senti za akina mama, nayo ni makanisa ya waanzilishi. Ni kosa la kihistoria kuyaruka katika ziara ya namna hii.

Wakatoliki hawakudai ahadi kama hiyo, na katika miaka hiyo wengine waliotoka kwa Waprotestanti waliingia kwao. Kwao njia inapitia Mukurwe-ini, kwenye parokia ya Gikondi, ambapo jina linalotajwa kuliko yote ni la Sista Irene Stefani. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, akafika Kenya mwanzoni mwa 1915, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeigeuza Afrika Mashariki kuwa uwanja wa mapigano kati ya Waingereza na Wajerumani. Waafrika wengi walikamatwa au kuajiriwa kuwa wapagazi wa jeshi katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, ambacho kimeacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, ambazo zilikuwa mabanda ya makuti yaliyojaa watu waliolala chini, na aliporudi mlimani mwaka 1920 akapelekwa Gikondi, alikokaa miaka 10 hadi kufa kwake.

Kinachomfanya Irene astahili kusimuliwa kwa kirefu si miujiza, ni mwendo wake wa kila siku. Alitembea kwa miguu kutoka mgongo hadi mgongo, akishuka bondeni, akavuka mto, akapanda tena, kutembelea wagonjwa na wanafunzi waliokosa shule, na watu wakampa jina la Nyaatha, mwenye huruma. Kazi moja aliyoifanya haina utukufu wowote katika vitabu vya umisionari, lakini iligusa hasa kilichokuwa kikiumiza nchi: akina mama ambao wana wao walikuwa wameenda kufanya kazi Nairobi na Mombasa, na ambao hawakujua kuandika, walimjia awaandikie barua, na majibu yalipofika waliyarudisha kwake awasomee. Nchi iliyoanza kuwapeleka vijana wake mijini kutafuta fedha za kodi ilikuwa na uchungu mkubwa wa kutengana, na barua iliyoandikwa na sista ilipunguza uchungu huo zaidi ya mahubiri mengi. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39, kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia.

Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri tarehe 23 Mei 2015 mjini Nyeri, kwa ibada iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam kwa niaba ya Papa Francis. Muujiza uliokubaliwa ulitokea mbali na Kenya, huko Nipepe nchini Msumbiji mwezi wa Januari 1989, ambapo watu waliozingirwa kanisani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walisema kwamba maji kidogo ya kisima cha ubatizo yaliwatosha kwa siku kadhaa baada ya kumwomba Irene. Ibada ya Nyeri ilifanyika katika viwanja vya chuo kikuu chenye jina la Dedan Kimathi. Huenda wenye kupanga siku hiyo walitafuta tu uwanja mpana, lakini mtu anayeijua historia ya Tumutumu na Gikondi hawezi kukosa kuona jinsi mistari miwili iliyotengana katika mgogoro wa 1929 na vita vya uhuru vya 1952 ilivyokutana kwenye nyasi za chuo kimoja.

Nyeri yenyewe, hasa Mathari, ilikuwa makao makuu ya Wakatoliki wa mlima tangu muongo wa kwanza wa karne. Vikarieti ya Kenya, yaani eneo la kimisionari lililo chini ya askofu kabla halijawa jimbo kamili, iliundwa mwaka 1909 na kukabidhiwa Filippo Perlo, Mwitaliano mwenye akili ya ujenzi na hesabu, ambaye aliamini kwamba misheni isiyo na shamba, msumeno wa mbao na karakana haiwezi kudumu. Nyeri ilikuwa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1990. Shule za Mathari zilimfundisha Mwai Kibaki, ambaye jina lake la ubatizo Emilio lilitoka kwa mapadre hao wa Kiitaliano, na katika shule ya Mtakatifu Cecilia, hapo hapo Mathari, alisoma Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Karibu na hapo lipo pia kanisa la ukumbusho la Waitaliano, ambalo halina uhusiano na waanzilishi wa imani, kwa kuwa humo wamelazwa askari wa Italia waliokufa wakiwa wafungwa wa vita, pamoja na kamanda wao, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyejisalimisha Amba Alagi mwaka 1941 na kufia Nairobi Machi 1942. Ni rahisi kwa mgeni kuvichanganya vituo hivi viwili.

Mzizi wa yote hayo ya Kikatoliki uko Tuthu, juu kabisa katika Murang'a, mahali ambapo mashamba ya chai yanagusana na msitu wa Nyandarua na ambapo hata wakati wa mchana wenyeji hawavui makoti. Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa Turin tarehe 29 Januari 1901 na padre Giuseppe Allamano, ambaye hakuwahi kufika Afrika, na ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Wanaume wanne aliowatuma kwanza, mapadre Filippo Perlo na Tommaso Gays na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda, waliondoka Turin tarehe 8 Mei 1902, wakafika Tuthu tarehe 28 Juni, na kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Petro na Paulo, wakaadhimisha misa ya kwanza.

Aliyewapokea ni Karuri wa Gakure, na hapa ndipo hadithi ya waanzilishi inapohitaji kusahihishwa. Katika masimulizi mengi ya kanisa Karuri huonekana mlangoni, akitabasamu, kisha hutoweka. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu aliyezoea kushughulika na wazungu na kupima faida yao. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amemkaribisha mfanyabiashara Mwingereza John Boyes, aliyekuja kutafuta chakula cha kuuzia misafara, akamtumia katika vita vyake na majirani, mpaka serikali ya kikoloni ilipomkamata Boyes huyo, ambaye baadaye aliandika kitabu akijiita mfalme wa Wakikuyu. Kwa Karuri, mapadre wanne wasio na bunduki nyingi lakini wenye dawa, misumari na ahadi ya shule walikuwa wageni wa aina bora zaidi, na kuwepo kwao kulimpa hadhi mbele ya serikali ambayo ilikuwa imemfanya chifu mkuu. Aliwalinda miaka mingi kabla hajabatizwa, na ubatizo wake, pamoja na wa mkewe Wanjiru, ulifanyika mwaka 1916, mwaka ambao alifariki. Misheni ilipata waumini wachache sana katika miaka yake ya mwanzo, jambo lililowasukuma wamisionari kukutana Murang'a Machi 1904 na kupanga mbinu mpya: kutembelea vijiji kila siku, kutibu, kufundisha watoto, na zaidi ya yote kuwaandaa makatekista wenyeji. Uamuzi huo wa mwisho ndio uliolikuza kanisa.

Kutoka Tuthu njia huteremka kuelekea Weithaga, ambako A. W. McGregor wa CMS alianza kazi kati ya 1903 na 1904, na Kahuhia iliyofunguliwa mwaka 1906, nyumbani kwa mwandishi Muthoni Likimani, binti wa mmoja wa makasisi wa kwanza wa Kikuyu. Vituo hivi viwili, pamoja na Kabete, vilikuwa kitovu cha uamsho ulioingia Kenya kutoka Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1930, ambao wafuasi wake, waliojiita ndugu, walikiri dhambi hadharani na kukataa ukuu wa vyeo kanisani. Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1952, ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, yaani wapiganaji wa msituni, na pia walikataa kubeba bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa. Kwa ajili ya kuwakumbuka lilijengwa mjini Murang'a kanisa ambalo leo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher.

Ndani ya kanisa hilo mtu anapaswa kukaa bila haraka. Ukutani kuna picha kubwa za maisha ya Yesu zilizochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, msanii kijana kutoka Marangu, chini ya Kilimanjaro, aliyesomea Makerere. Yesu wa Njau ni Mwafrika, watu wanaomzunguka ni Wakikuyu, na nchi iliyo nyuma yao ni hii hii ya migongo na migomba ambayo msafiri ametoka kuipita. Kwa wakati ule, ambapo picha nyingi katika vitabu vya katekisimu zilionyesha nywele za dhahabu, hilo lilikuwa jambo zito kuliko linavyoonekana leo. Jengo hata hivyo liliwekwa wakfu mwaka 1958, serikali ingali ya mkoloni, na linawakumbuka wafu wa upande mmoja.

Wafu na wafungwa wa upande wa pili wanakutwa katika hatua ya mwisho ya safari, barabara inaporudi Sagana na kuteremka tena Mwea. Mifereji inayochukua maji ya mito Thiba na Nyamindi na kuyasambaza katika mashamba ya Wang'uru ilianza kuchimbwa mwaka 1954 kwa jasho la mahabusu wa Hali ya Hatari ya wakati wa vita hivyo, walioletwa hapa kwa maelfu na kuwekwa katika kambi kama Thiba na Gathigiriri, ambako mwaka 1957 maofisa walitumia vipigo vilivyopangwa ili kuwalazimisha wakiri. Katika Wamumu, karibu na hapo, wavulana waliokuwa kizuizini waliwekwa katika kambi ya pekee chini ya Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959 alishiriki kuanzisha shule ya Starehe jijini Nairobi. Mchele wa pishori unaouzwa kwa magunia kando ya barabara ya Wang'uru hukua katika udongo uliochimbwa na watu hao, ambao huenda baadhi yao walikuwa wamejifunza kusoma Tumutumu, Kahuhia au katika shule huru za Karing'a.

Familia yenye siku ya ziada inaweza kuendelea mashariki hadi Chogoria, ambako Dkt. Clive Irvine alianzisha hospitali ya Wasukoti mwaka 1922, na hadi Kaaga, Meru, kituo cha Wamethodisti cha mwaka 1912. Lakini kazi iliyo kubwa zaidi haihitaji petroli. Vitabu vya ubatizo vya parokia na vya makanisa ya zamani vina majina ya makatekista, wakalimani, walimu wa shule za msituni na akina mama waliochangia mabati, na wazee wanaoweza kueleza ni nani alikuwa nani wanapungua kila mwaka. Makanisa ya Kirinyaga, Nyeri na Murang'a yayanakili majina hayo sasa na kuyaandika kwenye mawe yale yale yenye majina ya Perlo, McGregor na Philp, na familia zinazozuru zianze kwa kuuliza katika ofisi ya kanisa lao wenyewe.